Kikohozi Kilichotangulia

5 Oktoba

Mvua za msimu zimeanza leo, na zimeanza na sisi. Tulikuwa tunawatoa maharusi ukumbini, matarumbeta juu, bwana harusi anacheza mpaka koti linamvuka, mara mbingu zikafunguka. Bibi harusi akakimbilia garini peke yake. Sisi tukaendelea. Baba, ambaye ndiye kiongozi wa bendi na ndiye anayelivaa begani lile tuba, baragumu kubwa la shaba, hataki kusikia habari ya kukimbia mvua. Anasema bendi iliyokimbia mara moja haiitwi mara ya pili. Tumepiga mpaka gari likapotea kwenye kona, na mimi nikacheka mpaka nikakosa pumzi ya tarumbeta langu.

Mama ametupokea kwa taulo na maneno. Taulo lilikuwa moja, maneno yalikuwa mengi.

10 Oktoba

Tumepiga kwenye ile hoteli kubwa ya karibu na uwanja wa ndege. Mkutano wa watu wa mbali, kila mmoja na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Walipokwisha kula wakataka kucheza. Jamaa mmoja mnene, mcheshi, jasho linamtiririka, akaniomba tarumbeta apigwe picha. Nikampa. Akapuliza mpaka mashavu yakavimba, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, ukumbi mzima ukapiga makofi. Akanirudishia. Nikafuta kwa upindo wa shati, tukaendelea.

Baba mdogo Makufuli aliona yote. Yeye ndiye mtunza ala wetu. Si baba mdogo wa damu. Alianza kupiga na Baba wakiwa vijana, meno yakamtoka, hawezi tena kupuliza, akahamia kutunza. Stoo yake ina makufuli kuliko benki, ndiko jina lilikotoka.

"Lilete nilioshe," akaniambia.

"Nimeshalifuta, Baba mdogo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa shati."

"Hilo ulilovaa? Basi ungeliacha tu na mate ya yule bwana."

Nikamwambia amezidi. Akaondoka ananung'unika.

13 Oktoba

Mafua. Mvua. Sina la kuandika.

16 Oktoba

Harusi nyingine, mvua nyingine. Mafua yameshuka kifuani, nakohoa kama gari bovu, lakini tarumbeta halikuombewa likizo.

Baba ameonja ala kama kawaida. Ndivyo tunavyoita: kabla ya kila shughuli anapita mstari mzima, anachukua ala ya kila mtu, anaipuliza noti moja, anairudisha. Wengine hutuuliza kama hatuoni kinyaa. Hatuoni. Ala ambayo Baba hajaionja haipandi jukwaani, na mtu ambaye ala yake imeonjwa vizuri hutembea kifua mbele siku nzima.

Langu amelipuliza mara mbili. "Hili linakoroma," akasema, akalipuliza tena. "Umelilisha nini?" Watu wakacheka.

20 Oktoba

Tromboni anakohoa. Mpiga klarineti anakohoa. Mvua hizi zitatumaliza.

22 Oktoba

Makufuli ametangaza kwamba ala zetu ni chafu na ndiyo maana tunakohoana usoni. Dawa ya kung'arishia ya kopo imekwisha, kwa hiyo amechanganya yake mwenyewe kwenye ndoo: siki, maji ya moto, na kitu cha kwenye chupa ya kahawia alichopewa na fundi rejeta. Ameroweka vipande vyote vya mdomoni, vile tunavyopulizia. Vimetoka vinang'aa mpaka nimejiona meno.

Na uzuri wake, haina harufu kabisa. Ile ya kopo ilikuwa inaumiza kichwa. Kila anayepuliza ameisifu. Ni Kishindo tu, mpiga ngoma kubwa, aliyesugua matoazi yake kwa mikono mitupu kisha akaenda kusimama mlangoni ameziba pua.

"Nyie watu mna pua kweli?" akasema. "Hii kitu ni mayai viza."

Tukamwambia akaoge kwanza ndipo azungumzie harufu.

25 Oktoba

Mazoezi nyumbani. Mama amepika maharage na wali, tumekaa uani chini ya bati, mvua inapiga juu. Tunakula kimya, watu wana njaa. Kishindo akatia kijiko mdomoni, akasimama, akaenda kutema.

"Mama, samahani. Umetia chumvi mara ngapi?"

"Kama kawaida yangu," Mama akasema. Akaonja. "Mbona mimi naona hakijakolea?"

Sisi wote tukasema chakula kizuri, na kweli tuliona hivyo. Baba akamwambia Kishindo ale au aende kwao. Kishindo akanywa maji vikombe vitatu, akatuangalia mmoja mmoja kama tumekula njama. Nimecheka hadi kikohozi kikarudi.

28 Oktoba

Baba ana homa. Hataki kulala kitandani, anasema kitanda ni cha wagonjwa.

31 Oktoba

Leo Baba amelichukua tuba, akaliweka begani, akavuta pumzi, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akalishusha taratibu, akasema limeziba. Nililipuliza mimi. Halijaziba.

2 Novemba

Hospitali. Tulimbeba asubuhi, mimi na Kishindo, midomo yake ikiwa imebadilika rangi. Baba mtu wa kifua, mtu anayeweza kushika noti moja mpaka maharusi washuke ngazi zote, alikuwa anashindwa kumaliza jina langu.

Daktari ni mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisikiliza mgongo kushoto, akasikiliza kulia, akanitoa nje.

"Mapafu yote mawili," akasema. "Nimepokea wa namna hii kadhaa tangu mwezi uliopita. Sipendi ninachokiona."

"Ni nimonia?"

"Tuseme hivyo. Ndilo jina tulilonalo." Akachukua kalamu. "Kuna kitu amevuta? Moshi, rangi, dawa yoyote ya kazini?"

Nikasema hapana. Nimerudi nyumbani kuchukua shuka, na njia nzima lile swali lilikuwa linanikwaruza.

4 Novemba

Baba amefariki leo asubuhi.

5 Novemba

Naandika kwa sababu mikono haitaki kutulia.

Nyumba ilijaa watu. Mama amelala chumbani, naye anakohoa, wanawake wamemzunguka. Makufuli akaingia amelikumbatia tuba la Baba. Alikuwa amelala nalo stoo, analisugua, ili liwekwe karibu na jeneza. Lilikuwa linawaka. Sijawahi kuliona zuri vile.

"Umeling'arisha kwa kitu gani?" nikamwuliza.

"Kwa ile dawa yetu, mwanangu."

Hapo ndipo swali la daktari liliponijia mzimamzima. Dawa. Ndoo ile. Vipande tulivyoweka mdomoni wiki nzima, na Baba alivionja vyote, siyo kimoja kama sisi. Kitu kisicho na harufu. Nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijaipa ruhusa.

"Umemuua wewe. Umemuua Baba kwa uchafu wako wa kwenye ndoo."

Makufuli akabaki amesimama na tuba mikononi, hana pa kuliweka. Akasema jina langu la utotoni, lile ambalo ni yeye na Baba tu waliolitumia. Nikamwambia asilitamke tena. Nilipiga simu polisi mimi mwenyewe, mbele yake, na nikasema neno sumu.

Walipomchukua alimkabidhi Kishindo funguo za stoo, moja moja, akimweleza ipi ni ya nini.

8 Novemba

Tumemzika Baba kwenye mvua. Maziko yalicheleweshwa kwa sababu nilitaka mwili upimwe sumu, na hospitali wakachukua vipande vya mapafu kupeleka kwa mkemia wa serikali. Bendi imepiga. Makufuli hakuwepo. Nilifurahi kwamba hakuwepo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

14 Novemba

Mvua. Mama ameanza kula.

20 Novemba

Nimeitwa kutoa maelezo. Mpelelezi ni mtu mpole, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Ametaka kujua kitu kimoja tu, ameniuliza kwa njia tatu.

"Kilianza nini? Dawa au kikohozi?"

"Dawa, Afande."

"Mtuhumiwa anasema mlikuwa mnakohoa kabla. Anasema ndiyo sababu akatengeneza hiyo dawa."

"Yale yalikuwa mafua ya mvua. Kila mtu msimu huu ana mafua. Hayo si ugonjwa."

"Kwa hiyo ugonjwa wenyewe ulikuja baada ya dawa."

"Ndiyo, Afande."

Nimetia sahihi. Makufuli amepelekwa mahabusu mpaka majibu ya mkemia yapatikane, na foleni ya mkemia ni ndefu. Kwa kuua bila kukusudia, anasema Afande, anaweza kukaa miaka mingi. Kishindo alikuwa ananisubiri nje. Nilipomweleza akasema, "Haya, dada," akatembea mbele yangu hadi nyumbani bila utani hata mmoja. Kwa Kishindo huo ni ugomvi.

29 Novemba

Nimempeleka Mama kliniki. Ukumbi umejaa watu wanaokohoa mpaka kwenye ngazi. Mama hamtaji Makufuli kwa jina. Anasema "yule". Asubuhi hii ananywa chai akasema, "Natumaini yule anapigwa na baridi." Mama yangu, ambaye humsamehe hata mwizi wa nguo kwenye kamba.

3 Desemba

Mvua. Mazoezi bila tuba. Tumepiga nyimbo mbili tukaacha.

11 Desemba

Redio imetangaza mgonjwa wa kwanza nchini wa ule ugonjwa mpya unaosikika kuua watu nchi za mbali. Msafiri, ameshuka na ndege wiki iliyopita. Mkuu wa afya amesema kwa sauti ya kujiamini kwamba kabla yake hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Mama akasema Mungu atunusuru, usije ukafika huku kwetu.

14 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nimekaa sakafuni stoo kuanzia mchana, nimerudi sasa hivi.

Asubuhi redio ilikuwa inasoma dalili za huo ugonjwa. Homa. Kikohozi kikavu. Kukosa pumzi. Nilikuwa naosha vyombo, nasikiliza kwa sikio moja. Kisha wakasema: mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kusikia harufu na ladha.

Sahani ilinitoka mkononi. Mama akaniuliza nimevunja nini. Nikatoka, mvua inanyesha, nikaenda kwa Kishindo kuchukua funguo. Naye alikuwa amesikia redio. Alinipa funguo, kisha akanifuata nyuma.

Polisi walichukua ile chupa ya kahawia kama ushahidi. Ile ndoo ya kurowekea walikuwa wameiacha pembeni, dawa iliyobaki ikiwa ndani, imefunikwa na mfuniko wake. Nikaufunua.

Mayai viza. Mayai viza ya kutosha kufukuza mtaa mzima. Nilirudi nyuma nikagonga ngoma, nikatapika mlangoni. Kishindo alisimama palepale aliposimama siku ile, ameziba pua vilevile.

"Ilikuwa hivi?" nikamwuliza. "Siku ile ilikuwa inanuka hivi hivi?"

"Dada, ilikuwa mbaya zaidi ya hivi."

Kwa hiyo ilikuwa inanuka. Tuliisogeza puani, tukaisifu. Tulikula chumvi tupu na kusema chakula kizuri. Bendi nzima ilikuwa haina pua, Mama hana ulimi, na wote waliopuliza wakaugua, na Mama ambaye hajawahi kuigusa ile ndoo akaugua, na Kishindo ambaye alisugua matoazi kwa dawa ileile mikono mitupu hakupata hata chafya. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu. Mimi niliona ndoo tu.

Ugonjwa ulikuwa hapa. Oktoba ulikuwa hapa. Ulikaa uani kwetu, tukala nao. Na Baba mdogo yuko ndani kwa sababu mimi nilinyoosha kidole.

15 Desemba

Nimefika kituoni kabla hakijafunguliwa. Nikamwambia Afande nafuta maelezo yangu, dawa haikuua mtu, Baba alikufa kwa ugonjwa mpya. Nilieleza ndoo, chumvi, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kesi ni ya serikali sasa, siyo yako. Na hata nikitaka kukusaidia, baba yako alifariki lini?"

"Tarehe nne Novemba."

"Ugonjwa umeingia nchini lini?"

Nikaangalia kalenda ya ukutani.

"Desemba. Imetangazwa. Sasa unataka nimwandikie mkubwa wangu kwamba baba yako aliuawa na kitu ambacho hakikuwepo?" Akavaa miwani. "Hicho kirusi chako, binti, kina shahidi mkubwa kuliko wewe. Wizara nzima inasema siku hiyo hakikuwa hapa."

Nimetoka nimeduwaa. Nilidhani ukweli ukishapatikana kazi imekwisha. Kumbe ili mtu mmoja atoke mahabusu, nchi nzima lazima ikubali kwamba imekosea tarehe.

17 Desemba

Nimemtafuta yule daktari. Siku hizi unasimama mbali, unazungumza kwa kupaza sauti, barakoa imekufunika. Nilipaza sauti yangu yote koridoni mbele ya watu. Akanivuta pembeni.

"Niliwaambia wakubwa," akasema. "Nilisema hizi siyo nimonia za kawaida, nikaambiwa nisizue taharuki. Lakini sina cha kuonyesha. Wagonjwa wangu wote wa mwezi ule walizikwa, hakuna aliyebakiza kitu."

"Baba alipimwa sumu," nikasema. "Walichukua vipande vya mapafu."

Akanisogelea. "Viko wapi?"

"Kwa mkemia. Foleni haijafika. Viko kwenye barafu."

Akaegemea ukuta. Akaniuliza nani aliyeagiza vichukuliwe, nami nikamwambia ni mimi, kwa sababu nilimshtaki mtu kwa uongo bila kujua ni uongo. Akasema katika watu wote waliokufa kwa kifua tangu Oktoba, pengine huyo ndiye pekee aliyehifadhiwa.

Sikujua nilie au nicheke. Nililia.

23 Desemba

Daktari ameomba kipande kwa mkemia akipime mwenyewe, hakuna majibu. Mvua haikatiki. Mama anauliza kwa nini silali, sijamwambia lolote.

29 Desemba

Daktari amepiga simu. Alisema neno moja: "Kipo."

Amepima mara mbili kwa mkono wake. Kirusi kilikuwa kwenye mapafu ya Baba mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa sokoni nimeshika vitunguu. Nikasimama pale mpaka mwuzaji akaniuliza kama nanunua au naomba dua.

2 Januari

Wizara imekataa. Wanasema sampuli itakuwa imechafuliwa maabara, kwa sababu haiwezekani mtu awe na kirusi kabla hakijaingia. Daktari alikuwa anaongea kwa hasira mpaka maneno yanagongana.

"Wanataka mnyororo," akasema. "Nani alimwambukiza, lini, wapi. Mtu aliye hai, aliyeugua kabla yake, ambaye naweza kumpima damu. Na mpelelezi wako anataka hilohilo. Akipata mtu aliyekohoa kabla ya ile dawa, dawa haina kesi. Kwenye bendi yenu, nani alianza kukohoa?"

Nikasema nitauliza.

3 Januari

Nimepita kwa kila mtu. Tromboni anasema yeye alimkuta klarineti anakohoa. Klarineti anasema walianza pamoja. Nikasema lakini lazima kuna aliyeanza, kumbukeni vizuri, maisha ya Baba mdogo yako hapo. Wakaanza kuangalia viatu vyao. Kishindo alikuwa anakaza ngozi ya ngoma ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Nimerudi nimekasirika. Watu wazima wanaogopa nini kusema?

5 Januari

Mahabusu unazungumza kupitia dirisha la nyavu, yeye kule, wewe huku, askari katikati anaangalia saa. Makufuli amekonda. Barakoa inamzidi uso. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu nyumbani, nikafika nikasema "Shikamoo, Baba mdogo," nikashindwa kuendelea.

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Lile tuba mmelifunika? Lisiingie unyevu."

Nikamwomba radhi. Akapunga mkono kama anafukuza inzi. Nikamweleza yote, ndoo, mapafu, daktari, wizara. Nikamwambia imebaki kujua nani alianza kukohoa, na kwamba bendi nzima inanificha.

Akamtazama askari. Kisha akasema, "Afande naye ameniuliza hilo. Nikamwambia sikumbuki."

"Na kweli hukumbuki?"

"Mwanangu, achana nalo. Waambie hakuna anayekumbuka. Mimi humu nimeshazoea, mtu wa makufuli atashindwaje?"

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa namtazama macho, na nikaona hayuko tayari kunitazama. Sijui ni nini kilichonijia kwanza. Nadhani ni lile jasho. Yule jamaa mnene, mashavu yamevimba, sauti ya mbuzi. Halafu shati langu. Halafu Baba analipuliza tarumbeta langu mara mbili kwa sababu lilikuwa linakoroma, na mimi ndiye niliyekuwa nakoroma.

"Ni mimi," nikasema.

Akaivuta barakoa juu zaidi.

"Baba mdogo, ni mimi niliyeanza."

"Ulikuwa na mafua tu."

"Ulijua?"

"Siku redio iliposema, nilirudi nyuma siku kwa siku mpaka nikafika hotelini." Akashika nyavu. "Ningesema wewe, ningetoka. Halafu? Ningerudi nyumbani kwa rafiki yangu niseme mtoto wake ndiye aliyemletea? Nimekulea mimi."

Askari akasema muda umekwisha. Akanishika mkono, akanitoa dirishani. Nimeuliza bendi nzima. Nimewalazimisha kukumbuka, nimewakasirikia, na wote wakanistahi. Katika watu wote wale, sikujiuliza mimi.

6 Januari

"Kilianza nini?" Afande akauliza tena, kalamu tayari.

"Kikohozi. Changu."

Aliacha kuandika. "Una uhakika? Hili likishaingia hapa halitoki."

"Andika, Afande."

Nikamweleza hoteli, mgeni, shati, kuonja. Kila neno nilisema polepole ili asipate sababu ya kunirudisha. Daktari amenichukua damu, na damu yangu ina alama kwamba niliwahi kuugua. Anatafuta sasa watumishi wa ile hoteli. Wawili walishafariki kwa kifua Oktoba, na wa tatu anaweza kuzungumza. Anasema tarehe ya wizara itasogea, wapende wasipende. Usiku wa leo redio bado inasema Desemba.

12 Januari

Mvua zimekatika juzi. Leo kesi imefutwa, Baba mdogo ametoka.

Kishindo alimleta. Baba mdogo alipitia stoo kwanza, akafungua makufuli yote, akayafunga tena, ndipo akaja. Tulikaa uani, kila mtu kwenye kiti chake, mbalimbali kama tunavyoagizwa. Mama alimwona mlangoni akashika fremu.

"Shemeji," akasema. Tangu Novemba alikuwa "yule".

Nilikuwa nimeapa sitamwacha ale kabla sijasema. Nikasema. Nilisimama katikati ya ua nikasema yote, kuanzia kwa mgeni mpaka kwa Baba. Makufuli akasema, "Mafua tu, mafua tu," lakini nilimwomba aniache nimalize.

Mama alifunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. Alipozungumza hakuniangalia.

"Msimu mzima nimemchukia mtu. Nimelala naye, nimeamka naye. Nilisema siku akitoka nitamtemea mate." Akageuka. "Sasa mnataka hii chuki niipeleke wapi? Kwako?"

Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kufungasha nguo. Akasimama, nikadhani anaingia ndani. Akaenda kwenye sufuria, akapakua wali, akaweka maharage juu, akaja akaweka sahani kwenye kigoda mbele yangu na kurudi nyuma hatua zake. Maharage kidogo yakamwagika.

"Kula," akasema.

Nikala. Watu wote walikuwa wananiangalia. Mama akaniuliza chumvi vipi, nami nikamwambia iko sawasawa.